Cherehani ya Pili

Mama yangu ana cherehani moja. Ni nyeusi, ya kukanyaga, aliinunua mtumba hapa Nyamirambo na kuilipa kidogo kidogo hadi ikaisha. Lakini kwa mwaka mzima na zaidi, ndani ya kompyuta ya ofisi moja hapa Kigali, mama alikuwa na cherehani mbili, na alikuwa anakula mara tatu kwa siku. Ile cherehani ya pili nilimpa mimi. Nilimpa kwa Kiingereza.

Nawaandikia ndugu zangu wa Mahama, wa Kiziba na kambi nyingine, na nyinyi mnaofanya kazi nasi, mnaokuja na fomu na tableti. Kitenzi chenyewe ni kifupi. Ni "use", maana yake kutumia, na hata mtoto wa darasa la pili anakijua. Mimi pia nilidhani nakijua.

Sisi ni watu wa Buyenzi, Bujumbura. Anayeijua Buyenzi hana haja ya kuelezwa sana Nyamirambo: adhana alfajiri, sambusa barabarani, mafundi, Kiswahili mdomoni mwa kila mtu. Bunge la Rwanda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, lakini hapa Biryogo wazee watakuambia walikuwa wanakitumia kabla hata hilo Bunge halijajengwa. Tulivuka mpaka mwaka 2015, tukakaa Mahama miezi michache wakati bado ni mahema, halafu tukaja Kigali kwa binamu yake mama. Alimpa mama kona ya kibaraza chake, na mama akaanza kushona.

Mimi nilikuwa nimesoma kwa Kifaransa. Rwanda ilikuwa imeshahamia Kiingereza shuleni tangu uamuzi wa 2008, kwa hiyo nikawekwa nyuma madarasa mawili, mrefu katikati ya wadogo. Mahama nako watoto wa Kirundi walipitishwa kwanza kwenye masomo ya kuwazoesha mtaala wa hapa. Kiingereza nilikiokota vipande vipande: ubaoni, kwenye redio, kwa watalii wanaotembea Nyamirambo na kusimama kupiga picha vitenge vya mama. Nikifanikiwa kuwauzia mkoba, mama aliwaambia majirani, "Huyu anakijua Kiingereza kama mzungu." Nami sikukanusha.

Mwanzoni mwa 2022 tuliitwa ofisini kwa maswali ya kaya. Kulikuwa na msaada kidogo kwa wakimbizi wa mjini, ada ya shule na kodi ya nyumba, na walitaka kujua nani ana shida zaidi. Nyinyi wa kambini mnaelewa vizuri jambo hili, kwa sababu tangu 2021 hata chakula kinatolewa kwa makundi kulingana na mahitaji. Jibu moja linaweza kukutoa kundi hili kukupeleka kundi lile.

Kwa kawaida hatupati shida ya lugha. Wafanyakazi wengi ni Wanyarwanda, na Kirundi na Kinyarwanda vinasikilizana. Lakini siku hiyo muulizaji wetu alikuwa kijana mgeni kutoka ng'ambo, na mkalimani wake alikuwa ameumwa. Walituambia tunaweza kurudi wiki ijayo. Mama alitazama foleni, akatazama nauli aliyobaki nayo mkononi, akasema, "Hapana, mwanangu yupo. Anajua."

Yule kijana alikuwa mpole. Aliuliza polepole, mnakula mara ngapi kwa siku, na mama anafanya kazi gani. Mama akajibu kwa Kiswahili chetu cha Buyenzi:

"Zamani tulikuwaga tunakula mara tatu. Nilikuwaga na cherehani mbili, moja yangu, moja namkodisha binti wa jirani. Sasa ndiyo hivyo unavyoona."

Nikanyoosha mgongo, nikasema: "We are used to eat three times. She is used to have two machines."

"Three times a day?" akauliza.

"Yes. Three times."

"And two sewing machines?"

"Yes, two."

Ile "sasa ndiyo hivyo unavyoona" sikuitafsiri. Niliona kama ni maneno ya mama tu, ya kujazia. Kijana akaandika, akatabasamu kama mtu aliyefurahi kwa ajili yetu. Tulipotoka mama alinishika bega barabarani, kitu ambacho hakifanyi mbele ya watu.

Baada ya wiki sita ikaja meseji. Kwa sasa kaya yetu haistahili. Mama alinirudishia simu, akasema, "Mungu anajua," akaendelea kukanyaga cherehani. Mdogo wangu wa kike alikaa nyumbani muhula mzima. Mimi niliwalaumu wao. Niliwalaumu hadharani, pale penye chai ya maziwa, kwamba hawa watu wanauliza maswali na majibu wanayo tayari mfukoni.

Mwisho wa mwaka ule nikaanza darasa la jioni. Ni chumba nyuma ya duka la vitenge, mabenchi manne na ubao mmoja. Tulikuwa motari wawili, dada wa saluni, muuza vocha, Wakongomani watatu na mimi. Mwalimu ni Mnyarwanda aliyekulia Uganda na kurudi baada ya 1994, mtu wa lugha nne asiyejivunia hata moja.

Jioni moja akatuuliza, barabara ya Biryogo imekuwaje? Sote tunaijua. Tangu 2021 hakupiti magari pale. Pamepakwa rangi, pamewekwa meza, watu wanakunywa chai katikati ya njia. Akaandika ubaoni:

"Cars used to pass here."

"Je, magari yanapita sasa?"

"Hapana!"

"Yalikuwa yanapita?"

"Ndiyo!"

Chini yake akaandika sentensi nyingine: "Cars are used to passing here." Akauliza hii maana yake nini. Tukanyamaza. Akasema, "Hii inasema magari yamezoea kupita hapa."

Motari mmoja akacheka. "Mwalimu, magari hayazoei kitu. Tunaozoea ni sisi."

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama lile neno dogo "are" kwenye sentensi ya pili, na nilikuwa nimeanza kusikia sauti yangu mwenyewe ofisini.

Ngoja niwaeleze kama Mwalimu alivyotueleza, labda itamsaidia mtu. Kitenzi ni kimoja lakini kina nyumba tatu.

Nyumba ya kwanza ni kutumia. "She used a machine": alitumia cherehani. Hapa inatamkwa "yuzd", na z inasikika kama ya zabibu.

Nyumba ya pili: "She used to sew." Alikuwa akishona, ndiyo ilikuwa desturi yake, lakini sasa hashoni tena. Hapa inatamkwa "yust", z imeshakuwa s, na baada ya "to" kitenzi kinakaa peke yake bila kuongezwa kitu. Nyumba hii ina mlango mmoja tu, wa wakati uliopita. Mwalimu alisema karne nyingi nyuma Waingereza walikuwa wanaweza kusema hivyo hata kwa mambo ya sasa, kama sisi tunavyosema "hushona", halafu matumizi hayo yakafa, yakabaki ya zamani tu.

Nyumba ya tatu: "She is used to sewing." Amezoea kushona. Hii ndiyo yenye "am", "is" au "are" mbele yake, na kitenzi kinachofuata kinavaa "-ing". Ukitaka kusema mtu bado yuko njiani kuzoea, unasema "getting used to".

Kwa hiyo kati ya "tulikuwa tunakula mara tatu" na "tumezoea kula mara tatu" pana kineno kimoja, "are". Ukikiweka, sahani zinarudi mezani. Ukikitoa, zinaondoka.

Halafu Mwalimu akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alisema, msihangaike sana, hii "used to" mnayo nyumbani. Mnyarwanda anasemaje kwamba alikuwa akifanya kazi? Anasema "nakoraga". Sikilizeni mwisho wake: -aga. Akanigeukia. "Na nyinyi watu wa Buyenzi?"

"Nilikuwaga," nikasema.

"Na Wakongomani?"

Wakajibu kwa pamoja, "Ni hivyo hivyo," kisha wakaanza kubishana kuhusu Bukavu wanasemaje na Goma wanasemaje.

"Basi hiyo -ga ndiyo 'used to' yenu."

Kila aliyesoma Kiswahili cha vitabuni anajua kwamba -ga inakatwa kwa kalamu nyekundu. Kiswahili sanifu kinataka "nilikuwa nikikaa", na mimi mwenyewe nimeshamsahihisha mama mara nyingi mbele ya wateja. Kumbe mama alikuwa ameweka alama pale pale inapotakiwa: mambo haya yalikuwa ya kawaida kwetu, na yamekwisha. Aliisema mara mbili, tulikuwaga, nilikuwaga. Mimi ndiye niliyeiangusha njiani kati ya mdomo wake na tableti ya yule kijana.

Nilinyoosha mkono, nikawasomea darasa sentensi yangu ya ofisini, maana nilikuwa naikumbuka neno kwa neno. Walicheka tena. Halafu dada wa saluni akauliza, "Na wakaandika hivyo?" Nikasema waliandika. Hapo hakucheka mtu.

Sikujua jinsi ya kumwambia mama, nikamwambia hivyo hivyo, amesimama anapima mkono wa blauzi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulinipa cherehani mbili?"

"Ndiyo, Mama."

"Na hiyo ya pili umeiweka wapi? Kuna mashuka ya watu hapa yananisubiri."

Akacheka mpaka akakaa chini. Nilitamani angenigombeza. Alipomaliza kucheka akajifuta macho kwa kanga, akasema, "Kesho uende ukaseme."

Nilikwenda. Nilisimama foleni ya malalamiko, nikaeleza kwamba aliyekosea si muulizaji, ni mimi mkalimani. Sidhani wanapata sana malalamiko ya namna hiyo. Na niseme ukweli, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba sentensi ile ndiyo iliyotutoa. Fomu ina maswali mengi, na wenye shida kuliko sisi ni wengi. Inawezekana tungekosa hata kama ningetafsiri sawasawa. Lakini tungekosa tukiwa na cherehani moja.

Machi 2023, mvua zimeanza, akaja dada mmoja wa Kinyarwanda kutukagua nyumbani. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, lakini na mama waliishia kusemezana kila mtu kwa lugha ya kwao, yeye Kinyarwanda, mama Kirundi, bila mkalimani. Mimi nilikaa pembeni. Nilikuwa nimeambiwa na mama kwa upole kwamba leo nitachemsha chai tu.

Safari hii mambo ya cherehani na chakula yalikwenda vizuri. Halafu dada akatazama dari. Pale juu ya godoro la mama bati limetoboka, na ndoo ilikuwa mahali pake. Akauliza kama mvua inaingia sana.

Mama akapunga mkono kama anafukuza nzi. "Twaramenyereye," akasema. Tumezoea.

Dada akaandika. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, na mimi nilikuwa nyuma yake na birika mkononi, nikaona: "Roof leaks. They are used to it."

Sarufi yake haikuwa na kosa hata moja. Nyumba ya tatu, "are" ipo mahali pake. Mwalimu angempa alama zote. Na bado nilihisi baridi ile ile niliyohisi darasani.

Maana nawajua watu wetu. Ukimuuliza mtu wetu kuhusu taabu yake mbele ya mgeni, atasema amezoea. Anasema hivyo ili usimwonee huruma ndani ya nyumba yake mwenyewe. Anasema hivyo ili chai inyweke. Na kwa Kirundi, kama ilivyo kwa Kinyarwanda, kumenyera kumetoka kwenye kumenya, yaani kujua. Mama alisema anaijua mvua ile. Lakini neno likishaingia kwenye fomu ya Kiingereza, "used to it" linasomwa na mtu aliye mbali, kwenye meza nyingine, naye anaelewa kwamba jambo hili haliwasumbui tena, tuangalie swali linalofuata.

Nikasema, "Samahani dada. Mama akisema tumezoea, si kwamba haisumbui."

Mama alinitazama jicho ambalo kila mtoto analijua. Dada akaweka kalamu chini. Angeweza kuniambia ninyamaze, maana muda ulikuwa umekwenda na nyumba nyingine zilimsubiri. Badala yake alimgeukia mama, akamuuliza taratibu, "Mama, mmezoea vipi?"

Mama alikaa kimya. Alikunja kipande cha kitambaa, akakikunjua.

"Usiku nasikia tone moja moja kwenye ndoo," akasema. "Nahesabu. Ndoo ikikaribia kujaa naamka namwaga, narudi nahesabu tena. Ningekuwa nimezoea, ningelala."

Dada alikata mstari wake. Juu yake akaandika: "Roof leaks over bed. Mother does not sleep when it rains." Kisha akanywa chai yake yote, na mama akamwongezea.

Mkitaka kujua yaliyofuata: mdogo wangu alilipiwa ada mihula miwili. Kuhusu bati, ofisi haikuweza kitu, lakini dada alizungumza na mwenye nyumba, naye akalitengeneza, kisha akatuongezea kodi faranga elfu tano kwa mwezi. Ndiyo maisha ya mjini. Mama analala.

Sasa nina ombi kwa pande zote mbili, nalo si kubwa.

Nyinyi mnaouliza, mkisikia "tumezoea", msiishie hapo. Ulizeni neno moja zaidi, kama alivyouliza yule dada: vipi? Na mkisikia -ga au -aga mwishoni mwa kitenzi, simameni. Huenda hapo mtu anawaambia kitu alichokuwa nacho na hana tena. Kukiandika kama bado anacho ni kumfanya tajiri kwa bahati mbaya, na utajiri huo haununui hata unga.

Nasi tunaojibu, tuache aibu kidogo. Sisemi tulie mbele ya kila fomu. Nasema tutaje vitu vyenyewe: ndoo, tone, saa tunayoamka. Vitu vya namna hiyo havipotei sana vikitafsiriwa. Na nyinyi vijana wenzangu mnaowakalimania wazazi, kama hujui, sema hujui. Nauli ya kurudi wiki ijayo ingekuwa ndogo kuliko muhula wa dada yangu.

Mama sasa ananiomba nimfundishe Kiingereza cha kuongea na wateja. Nimeanza na kitenzi hiki hiki, kwa sababu tumeshakilipia. Juzi usiku, baada ya kufunga kibaraza, aliniambia nimwandikie "Nilikuwaga nakaa Buyenzi" ili aweze kuwaambia wageni anatoka wapi. Nikaandika kwenye kipande cha karatasi ya kukatia mitindo: "I used to live in Buyenzi." Nikamsomea, nikamwonyesha ile s.

Akairudia mara mbili, vizuri kabisa. Halafu akauliza, "Hii ndiyo ile ya magari ya Biryogo?"

"Ndiyo, Mama."

"Yale yasiyopita tena?"

"Ndiyo."

Akaitazama ile karatasi. Kwa Kiswahili -ga ilikuwa imemtoka bila kufikiri, lakini kwa Kiingereza aliiona imeandikwa, na nadhani ilimshtua. Agosti 2020 misafara ya kurudi Burundi ilianza kuondoka, majirani zetu kadhaa wameshakwenda, na mama kila akiulizwa hasemi ndiyo wala hapana. Nyumba ya Buyenzi bado ni yake, hajaiuza. Ndani anakaa mtu anayemtumia kodi anapokumbuka.

"Futa," akasema. "Andika kwa namna nyingine."

Nikafikiri kidogo. Nikageuza karatasi upande wa pili, nikaandika: "My house is in Buyenzi." Nikamwambia hii haina "used" yoyote, ni ya sasa.

Akaisoma kwa kidole, neno kwa neno, kisha akaibana kwa pini ukutani, juu ya cherehani, pale wateja wanapoweza kuiona.